Neno "Fumo" katika Utendi wa Liongo

Mtu atokaye Garsen akaufuata Mto Tana hadi unapoingia baharini hufika Kipini, ambako wenyeji huonyesha kaburi lisemwalo kuwa la Fumo Liongo. Kisa chake kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na utendi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Wasomaji wengi hulichukua neno "Fumo" kuwa jina tu. Wengine hufungua kamusi, wakakuta kwamba fumo ni mkuki wenye bapa pana, wakaridhika kuwa shujaa ameitwa kwa silaha yake. Makala haya yanadai kwamba maelezo yote mawili yanaupunguzia utendi nguvu.

Kwanza, fumo kilikuwa cheo. Tunakikuta Pate kwa Fumo Madi, na Witu kwa Fumo Bakari, aliyefariki mwaka 1891. Yawezekana kwamba kufikia wakati huo cheo kilikwisha kuanza kugeuka jina. Lakini jina lililorithiwa na watawala lingali na harufu ya kiti.

Pili, neno hili lina jamaa bara. Kwa Wachewa mfumu ni mtawala. Kwa Waganda omufumu ni mganga. Ni kweli kwamba irabu ya mwisho hutofautiana, na pingamizi hilo si dogo. Fumo la mkuki latokana wazi na kitenzi "fuma", yaani kuchoma kwa mkuki au mshale, kama "pigo" litokavyo na "piga". Kwa maoni yangu, maneno mawili yenye asili mbali mbali yamekutana, na la silaha likalivuta la cheo katika umbo lake.

Tukikubali hayo, utendi wasomeka upya. Masimulizi yanamtaja Daudi Mringwari kuwa ndiye aliyepata kiti, Liongo alikikosa. Basi kila amtajaye kwa neno Fumo humrudishia kwa ulimi enzi aliyonyimwa. Tena mwili wake haukudhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni: hapo maana ya uganga, iliyohifadhiwa bara, yanong'ona ndani ya cheo. Na mwisho wake ni kinaya kikali, kwani mwenye jina la mkuki hufumwa na mwanawe mwenyewe, tena kwa sindano.

Mambo haya hayaonekani iwapo kamusi zinayaweka mkuki na mtawala chini ya kidahizo kimoja, wala iwapo mhariri analipita neno bila tanbihi. Yafaa vidahizo viwe viwili. Mwanafunzi anayesoma "Fumo" kama jina tu amesoma habari za mtu mwenye nguvu aliyesalitiwa. Hajasoma bado habari za mfalme asiye na kiti.