Taaluma ya Matatizo ya Mawasiliano Inamtumikia Nani?

Kila taaluma inayofundishwa chuo kikuu lazima iulizwe maswali mawili: imezaliwa katika mazingira gani, na inamtumikia nani? Tumezoea kuyauliza maswali haya kuhusu uchumi, sheria na historia. Ni mara chache tumeyauliza kuhusu elimu maalumu na taaluma ya matatizo ya mawasiliano, yaani elimu inayoshughulikia uziwi, kigugumizi, kuchelewa kusema, usonji, na kupoteza lugha kwa sababu ya kiharusi. Wengi wetu tumeiona kuwa kazi ya huruma tu, na kwa hiyo tukadhani haina itikadi. Huo ni udhaifu wa kinadharia. Huruma nayo ina itikadi yake: humfanya mtoaji kuwa mkubwa na mpokeaji kuwa mdogo, kisha huyaacha mambo mengine yote kama yalivyokuwa.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki taaluma hiyo. Tunajihadhari na makosa mawili. La kwanza ni la msomi mwenye kasumba, ambaye hupokea kila kilichoandikwa ng'ambo kana kwamba ni sayansi tupu. La pili ni la kada mvivu, ambaye hukataa kila kilichotoka ng'ambo bila kukisoma. Wote wawili humwacha mtoto wa mkulima pale pale alipo.

Chimbuko la taaluma

Tuanze na mwaka 1880. Mwaka huo walimu wa viziwi kutoka nchi za Ulaya na Marekani walikutana Milan, Italia. Waliamua kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kusoma midomo na kutamka, na kwamba lugha ya alama isitumike darasani. Kati ya wajumbe wapatao 164, kiziwi alikuwa mmoja tu. Uamuzi huo ulitawala shule nyingi za viziwi duniani kwa karibu miaka mia moja. Walimu viziwi walipoteza kazi, na watoto walikatazwa kutumia mikono yao. Ilipofika mwaka 2010 tu, mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver, Kanada, ulitamka rasmi kuyakataa maazimio yale na kuyasikitikia.

Ndugu msomaji atautambua utaratibu huo mara moja, maana sisi tumeuonja. Kundi moja linakaa kikao kuamua lugha ya kundi jingine. Linaita lugha yake ustaarabu, na ya mwenzake kelele au ishara za porini. Mwanafunzi wa shule ya mkoloni aliyevishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yake, na mtoto kiziwi aliyekatazwa kutumia mikono, wote wawili walitendewa jambo moja.

Mfano wa pili unatoka chuo kikuu chenyewe. Katika miaka ya 1920 na 1930 Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilikuwa kitovu cha taaluma hii. Mmoja wa mabingwa wake alikuwa Wendell Johnson, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Alishikilia kwamba kigugumizi huanzia katika sikio la mzazi, wala si kinywani mwa mtoto. Kwa maoni yake, watoto wote hukwamakwama wanapojifunza kusema. Mzazi mwenye wasiwasi akishatamka kwamba mwanawe ana kigugumizi, mtoto huingiwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo humzalia kigugumizi chenyewe.

Mwaka 1939 mwanafunzi wake, Mary Tudor, akiwa chini ya uongozi wake, alikwenda kulijaribu wazo hilo katika nyumba ya yatima mjini Davenport. Watoto walikuwa 22. Sita kati yao walikuwa wakisema vizuri kabisa, lakini waliambiwa kwamba wanaanza kupata kigugumizi, na kwamba wasifungue mdomo mpaka wawe na hakika ya kusema sawasawa. Watoto hao hawakuambiwa kusudi la kazi ile. Matokeo yakawa kwamba wengine walinyamaza, wakaogopa kusema mbele ya watu, na masomo yao yakaharibika. Tasnifu iliwekwa katika maktaba ya chuo, lakini haikuchapishwa. Jambo hilo lilifichuliwa na gazeti mwaka 2001, na chuo kikaomba radhi. Mwaka 2007 serikali ya jimbo la Iowa ilikubali kulipa dola 925,000 kwa waliodai, baadhi yao wakiwa tayari wamekufa.

Hapa tuna mambo matatu ya kuhakiki.

Kwanza, swali la tabaka. Kwa nini walichaguliwa yatima? Kwa sababu yatima hana mzazi wa kuja kuuliza. Mtoto wa tajiri angetibiwa. Mtoto asiye na mtu aligeuzwa kuwa kifaa cha kujaribia. Wapo wanaosema kwamba hayo ni makosa ya mtu mmoja. Sisi tunasema kwamba mtu mmoja hafunguliwi mlango wa nyumba ya yatima bila utaratibu mzima kumruhusu.

Pili, kosa la nadharia yenyewe. Kusema kwamba neno la mzazi ndilo linalozaa kigugumizi ni udhanifu: wazo limewekwa mbele, na mwili na mazingira vimesukumwa nyuma. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba kigugumizi kina mizizi katika urithi na katika jinsi ubongo unavyoendesha usemi. Nadharia ile iliwatwika akina mama lawama ambayo haikuwa yao. Mwaka 1944 Johnson alichapisha pia makala akidai kwamba Wahindi Wekundu aliowachunguza hawakuwa na kigugumizi kwa kuwa lugha zao hazikuwa na neno la kukitaja. Baadaye ilithibitika kwamba maneno yalikuwapo, na wenye kigugumizi pia walikuwapo. Huo ni ugonjwa wa zamani wa wasomi wa mabeberu: wakishindwa kuuliza swali vizuri, hudai kwamba mwenyeji hana jibu. Sisi tuna maneno kigugumizi na kithembe, na hatukuyangoja kutoka Iowa.

Tatu, pamoja na makosa hayo, iko chembe ya ukweli tusiyopaswa kuitupa. Wale watoto sita walionyesha kwamba jina analopewa mtoto linaweza kumdhuru hata kama jina lenyewe ni la uongo. Kila mwalimu anayemwita mwanafunzi "bubu" mbele ya darasa anarudia jaribio la Davenport, ila yeye hana tasnifu ya kuandika.

Msaada wa Vygotsky na mpaka wake

Katika miaka ya 1920, huko Urusi ya Kisovieti, Lev Vygotsky aliliweka suala hili juu ya msingi wa kiyakinifu. Alitenganisha ulemavu wa kwanza na ulemavu wa pili. Wa kwanza ni wa mwili: jicho halioni, sikio halisikii. Wa pili ni matokeo ya jamii kumfungia mtu huyo njia. Uziwi ni jambo la sikio. Ujinga wa kiziwi aliyenyimwa shule ni jambo la jamii. La kwanza pengine halitibiki, lakini la pili linaweza kuzuiwa, na hapo ndipo kazi ya elimu inapoanza.

Huu ni mchango mkubwa, na mwanafunzi wa elimu maalumu asiyeujua amesoma nusu tu ya fani yake. Hata hivyo Vygotsky naye tunamhakiki. Kwa muda mrefu aliamini kwamba mtoto kiziwi ni lazima aingizwe kwanza katika lugha ya kutamka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ndipo alipokiri kwamba lugha ya alama ina nafasi yake katika makuzi ya mtoto. Isitoshe, nchi yake ilijenga shule nyingi maalumu za bweni, mbali na kijiji na jamaa. Nadharia ilisema mtoto akue ndani ya jamii. Vitendo vikamtoa humo. Tunajifunza kwamba msimamo sahihi hauzai matunda peke yake.

Hali yetu wenyewe

Sasa tujitazame. Shule ya kwanza ya wasioona nchini Tanzania ilifunguliwa Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na ile ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Zote mbili zilianzishwa na makanisa. Mwaka 1967 tulitangaza Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitutaka tuharakishe elimu ya msingi kwa wote. Lakini neno "wote" tulilitafsiri kwa ufinyu. Tulihesabu madawati na vyumba, na mtoto kiziwi aliyebaki nyumbani akichunga mbuzi hatukumhesabu. Mzigo huo tuliuachia misaada na sadaka. Kujikosoa ni sehemu ya itikadi yetu, kwa hiyo hili tuliseme wazi.

Katika ngazi ya chuo kikuu hatua zimepigwa. Kenya ilianzisha taasisi yake ya elimu maalumu mwaka 1986. Makerere, Uganda, ilianza kufundisha shahada ya tiba ya matamshi na lugha mwaka 2008, ikiwa ya kwanza Afrika Mashariki. Hapa nchini walimu wa elimu maalumu wanaandaliwa Patandi na katika vyuo vikuu. Lakini mgongano mkubwa haujatatuliwa: vitabu, vipimo na mifano mingi vimetungwa kwa ajili ya mtoto wa Kiingereza.

Tutoe mfano halisi. Kipimo cha Kiingereza humtazama mtoto kama anatamka konsonanti ya mwisho wa neno, na kama anaongeza sauti ya wingi mwishoni. Maneno ya asili ya Kiswahili huishia na irabu, na wingi wetu uko mwanzoni. Mtoto wa miaka mitatu anayesema "viatu vyangu vimepotea" amekwisha kufanya kazi kubwa ya upatanisho ambayo kipimo kile hakina hata mahali pa kuiandika. Kwa upande mwingine, mtoto anayesema "zahabu" badala ya "dhahabu", au anayechanganya "r" na "l" kwa sababu lugha ya nyumbani kwao haizitofautishi, anaweza kuandikiwa kwamba ana tatizo. Tofauti si kasoro. Mtaalamu asiyejua mpaka kati ya hivyo viwili ni hatari zaidi ya kutokuwa na mtaalamu.

Je, tunajua mtoto wa Kiswahili hujifunza lugha kwa hatua zipi? Mwaka 2005 Kamil Ud Deen alichapisha uchunguzi wa watoto wanne wa Nairobi, akionyesha jinsi watoto wadogo wanavyodondosha viambishi vya mwanzo wa kitenzi kabla ya kuvishika. Ni kazi nzuri. Lakini lugha ya mamilioni ya watu haiwezi kusimamia watoto wanne. Kazi ya kuwasikiliza watoto wa Unguja, Kigoma, Songea na Lubumbashi ni ya vyuo vyetu, na haihitaji mitambo ya ajabu. Inahitaji masikio, subira na msimamo.

Wapo pia wanaodai kwamba Kiswahili chenyewe kinamdharau mwenye ulemavu kwa kumweka katika ngeli ya vitu: kiziwi, kipofu, kiwete. Hoja hiyo haijatazama lugha kwa makini. Kijana na kiongozi wamo katika umbo hilo hilo, na wote twasema "amekuja", si "kimekuja". Dharau haimo katika kiambishi. Imo katika kumnyima kiziwi nafasi ya kuwa kiongozi. Viziwi wa Tanzania wenyewe wanaliita shirika lao Chama cha Viziwi, nao hawaoni haya.

Kazi iliyo mbele yetu

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuiwa: surua, rubela, homa ya uti wa mgongo, usaha wa masikio usiotibiwa, na matatizo ya uzazi. Takwimu hiyo ni hukumu. Taaluma inayomngoja mtoto mjini, katika chumba chenye zulia, ili ampime uziwi ambao chanjo au dawa ya zahanati ingeuzuia, imechelewa kabla ya kuanza kazi.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo manne. Kwanza, mwanafunzi wa taaluma hii afanye sehemu ya mafunzo yake kijijini, pamoja na mhudumu wa zahanati na mwalimu wa shule ya msingi, ili ujuzi wake ubaki pale atakapoondoka. Pili, vipimo vitungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, visiwe tafsiri. Tatu, lugha ya alama ifundishwe na viziwi wenyewe, na wapewe hadhi na mshahara wa mwalimu. Kenya imekwisha kuitaja katika Katiba yake ya mwaka 2010 kuwa mojawapo ya lugha za Bunge. Nne, wenye ulemavu wawemo katika vikao vinavyopitisha mitaala, si kama wageni wa heshima bali kama wajumbe wenye kura. Milan ilitosha.

Watauliza: fedha zitatoka wapi katika nchi maskini? Swali ni halali. Lakini shahada ya kila msomi wetu inalipiwa kwa jasho la mkulima, na miongoni mwa wakulima hao wako wazazi wa watoto wasiosikia. Wao wamekwisha kulipa. Kinachobaki ni sisi tuliosomeshwa kulipa deni letu, na deni hilo halilipwi kwa kumwonea mtoto huruma. Linalipwa kwa kujifunza lugha yake, tukamsikiliza anachosema.