Kitenzi cha Nne: Kuisoma Kodi ya Hoteli Arua na Koboko

Ibara ya 191 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inazipa serikali za mitaa mamlaka yenye vitenzi vinne: kuweka kodi, kuitoza, kuikusanya na kuidhinisha matumizi yake. Vitatu vya kwanza vinaandamana kama ilivyo desturi ya wanasheria, ambao hawaridhiki na neno moja mahali ambapo matatu yanaingia. Cha nne ni cha namna nyingine. Ibara yenyewe inakirudia chini yake na kukitengea kifungu chake peke yake: fedha haitumiki mpaka baraza liipitishe katika bajeti. Walioandika Katiba walijua kwamba kukusanya ni nusu ya sentensi.

Sheria iliyoleta kodi ya hoteli, marekebisho ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2008, imeishia kwenye nusu hiyo. Ilizaliwa kwa haraka ya kuziba pengo. Kodi ya kichwa ilisimamishwa mwaka 2005, uchaguzi ukiwa mlangoni, na halmashauri zikabaki na mikono mitupu. Zikatungwa kodi mbili za kufidia, moja ya wenye mishahara na biashara, nyingine ya anayelala hotelini.

Kodi hii ya pili inaishi hasa ndani ya jedwali. Mistari ya jedwali ni madaraja ya nyumba, kuanzia hoteli za nyota nyingi hadi loji ya uchochoroni, na mbele ya kila daraja kuna kiasi cha kulipa kwa chumba kwa usiku. Hakuna asilimia. Nyumba za juu zinahesabiwa kwa dola, za chini kwa shilingi, na katika tofauti hiyo ndogo ya sarafu mna hadithi nzima. Dola moja mwaka 2008 ilikuwa karibu shilingi 1,700; leo ni karibu mara mbili ya hapo. Mstari wa juu umepanda wenyewe bila mtu kuugusa. Wa chini unakaa pale ulipoandikwa mpaka walioko Kampala wakumbuke kuurekebisha, hata bei ya chumba ikipanda mara tatu. Arua na Koboko, miji ya kaskazini-magharibi ya Uganda ambako vyumba vingi ni vya mistari ya chini, zinasoma upande wa jedwali usiokua.

Maandishi ya kodi hii yanayosomwa kila siku, hata hivyo, si jedwali. Ni daftari la wageni pale mapokezi: tarehe, jina, atokako, aendako, namba ya kitambulisho, chumba, sahihi. Kwenye barabara ya Vurra kwenda Oraba, inayokatiza Arua na Koboko kabla ya kugusa mpaka wa Sudan Kusini, safu za atokako na aendako zinasomeka kama ramani: Yei ya Sudan Kusini, Ariwara na Aru za Kongo, Kampala. Kisheria anayetozwa ni mgeni, na mwenye loji ni mkusanyaji tu. Lakini mgeni haioni kodi yake kama kitu cha peke yake, kwa sababu imemezwa na bei ya chumba. Na mwenye loji, ambaye ana leseni na kodi nyingine za kulipa, huiona kama inatoka mfukoni mwake. Anayeingia chumba kwa saa mbili akaondoka haandikwi, na karani wa kodi anahesabu mistari, si shuka.

Na matumizi? Jedwali linanyamaza. Sheria za kwingine zimesema, tena kwa sauti. Kenya ilitoza asilimia 2 hotelini na kwenye migahawa ikiwa imeshataja mafunzo na maendeleo ya utalii, na Chuo cha Utalii cha Kenya (Kenya Utalii College) cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1975, ni tofali la sentensi hiyo. Jimbo la Texas, Marekani, limekwenda mbali zaidi: mji hauwezi kutumia shilingi ya hoteli, tuseme, mpaka matumizi yavuke vizingiti viwili, yaani yakuze utalii na biashara ya hoteli moja kwa moja, kisha yaingie katika orodha maalumu iliyoandikwa na sheria.

Kimya cha Uganda hakikubaki kitupu. Kimejazwa na hesabu zilizoandikwa kwa ajili ya mapato yote kwa jumla. Vijijini, kata hubaki na asilimia 65 ya ilichokusanya na kupeleka 35 wilayani. Mjini, divisheni hubaki na 50 na jiji au manispaa huchukua 50. Arua ilipotangazwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, ikiwa na divisheni mbili, Arua Central na Ayivu, loji iliyokuwa katika kata za Ayivu ilihama kutoka kanuni ya kwanza kwenda ya pili. Chumba ni kilekile, usiku ni uleule, mgeni huenda akawa yuleyule. Mgao peke yake ndio uliobadilika, na hakuna sentensi hata moja iliyoeleza ni kitu gani kipya mgeni huyo amepewa na jiji.

Bajeti nayo ina ufundi wake wa kuficha. Upande wa mapato, kodi ya hoteli ina mstari wake na jina lake. Vuka uende upande wa matumizi: jina limetoweka, limeyeyuka ndani ya fungu liitwalo mapato ya ndani, ambalo linalipa mafuta ya gari, karatasi na vikao. Hutaweza kulifuata kwa kidole.

Mtu angetarajia niseme tuige Texas. Hapana. Baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, wakimbizi walimiminika West Nile, kanda ya Arua na Koboko, na wafanyakazi wa mashirika ya misaada wanaohudumia makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi wakawa wateja wa hoteli za Arua. Hawakuja kutalii. Kuibana fedha yao kwenye matangazo ya utalii kungekuwa kichekesho. Na Koboko inaonyesha ufinyu wa kipimo chenyewe: huko wageni wengi zaidi ni Wasudani Kusini waliopanga vyumba mjini kwa mwezi, wanaochota maji na kutupa taka kama wenyeji. Kodi inayohesabu usiku haiwafikii. Ruzuku ya serikali kuu inayofuata sensa nayo haiwaoni vizuri, ndiyo maana viongozi wa manispaa walifanya hesabu yao wenyewe ya kaya ili waonekane.

Kwa hiyo kimya cha mwaka 2008 kina faida moja: hakikuzuia kitu. Baraza lina kitenzi cha nne mkononi, na halihitaji Bunge ili kuongeza mstari mmoja upande wa matumizi unaobeba jina lilelile la upande wa mapato. Arua ingeandika: kodi ya hoteli, taka zinazoishia Mto Enyau. Koboko ingeandika: kodi ya hoteli, maji kwa mitaa ya wapangaji. Mweka hazina atasema mstari wa namna hiyo unamfunga mikono lori la taka linapokufa katikati ya mwaka, na hoja yake si ya kupuuza. Upinzani mkali zaidi, nadhani, utatoka kwa madiwani. Malipo yao yamewekewa ukomo wa asilimia 20 ya mapato ya ndani ya mwaka uliotangulia. Ukomo huo hautapungua kwa senti moja mstari mpya ukiandikwa. Kitakachopungua ni fedha isiyo na jina ya kuufikia.