Mstari mwekundu usio na mkono

Umo kwenye semina ya mtandaoni. Mtoa mada ameshea skrini, anaeleza mzunguko wa damu, halafu anasema, "Ngoja nichore kidogo." Mstari mwekundu unaanza kutambaa juu ya moyo kama sisimizi aliyelewa. Unasubiri. Ukikaribia kuwa mshale, anabadilisha slaidi, na mshale unabaki palepale, sasa umechoma katikati ya nembo ya mfadhili. Umecheka? Mtoa mada alikuwa mimi.

Hata baada ya aibu ile niliendelea kutetea kuchora kwenye skrini. Hoja yangu: ukiona mchoro unavyozaliwa, unaelewa kuliko ukitupiwa uliokamilika. Na kweli utafiti upo. Mwaka 2016 Logan Fiorella na Richard Mayer walichapisha majaribio 4 wakitumia video fupi kuhusu athari ya Doppler, ile inayofanya king'ora cha gari la wagonjwa kisikike chembamba likija na kizito likishapita. Kundi moja lilionyeshwa michoro iliyokwisha kuchorwa, jingine likamtazama mwalimu akichora. Maelezo ya mdomo yalikuwa yaleyale.

Mwalimu mzima alipoonekana akichora, walionufaika ni wale waliokuwa wanaijua mada kidogo tu. Ulipoonekana mkono peke yake, faida haikutegemea tena nani alijua nini mwanzoni. Lakini sasa njoo jaribio la 3: mistari inatokea yenyewe, mkono hauonekani. Faida ikapotea.

Unaona tatizo? Jaribio la 3 ndilo linalofanana na mikutano yetu. Programu inatupa mstari, mkono inauficha. Nadhani mkono unapoonekana unatangulia wino: macho yako yanajua mshale unakwenda wapi kabla haujafika. Kwenye skrini unabahatisha.

Halafu kuna kipanya chenyewe. Kinapima kimesogea kiasi gani, hakijui kiko wapi juu ya meza. Kalamu ya tableti inajua mahali ilipogusa. Ndiyo maana saini yako kwa kipanya inafanana na ya mtoto wa chekechea. Na ule mshale uliong'ang'ania? Programu nyingi huchora kwenye tabaka la juu, kama nailoni iliyotandazwa juu ya ukurasa. Nailoni haijui chini yake kuna moyo au nembo.

Sisemi zana hii ni bure. Kuzungushia namba moja kwenye jedwali lenye safu 12, inafaa sana. Tena yale majaribio yalikuwa ya video iliyorekodiwa, siyo mkutano ambao unaweza kumkatiza mtu ukamuuliza. Ila kama unataka kueleza kitu hatua kwa hatua, usijidanganye kwamba mstari unaotambaa ni sawa na ubao.

Mimi nimerudi kwenye karatasi na bik. Simu naiingiza mkutanoni kama mshiriki wa pili, maiki na spika zake nimezima ili sauti isijirudie, kamera inatazama chini. Stendi sina, kwa hiyo inakaa ukingoni mwa vitabu vilivyopangwa. Nikiegemea meza picha inatikisika, na bando linaisha haraka kuliko zamani.