Juu ya Kuwafundisha Watoto Msuko wa Kisa

Tumekusudia kunena hapa juu ya namna hadithi zinavyofundishwa kwa watoto wadogo, hasa katika nchi ya Njombe na Makambako, ambako watoto wengi wa vijijini huingia darasani na Kibena kinywani, nacho Kiswahili cha kitabu kingali kigeni kwao. Desturi ya walimu wengi ni hii: hadithi ikiisha kusomwa, mwalimu huuliza mara, "Tunajifunza nini?" Nao watoto huitika kwa sauti moja kwamba tusiwe wachoyo, au tuwatii wazazi. Jibu ni jema, lakini halithibitishi kwamba kisa kimefahamika, maana mtoto aweza kulitoa bila kusikia neno hata moja la hadithi yenyewe.

Basi msuko wa kisa ni nini? Si kufuatana kwa mambo tu, bali ni jinsi jambo moja linavyozaa jingine. Mwandishi Mwingereza E. M. Forster alilipambanua jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1927, lakini watoto wa Makambako wana mfano ulio karibu zaidi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yapita mjini kwao. Mabehewa yakipangwa tu juu ya reli hayaendi popote; sharti yaungwe. Neno "kisha" hupanga mabehewa. Neno "kwa hiyo" huyaunga.

Na tukitwae kisa cha kima na papa, kilichomo katika hadithi za Unguja alizozichapisha Edward Steere huko London mwaka 1870. Kima alimtupia papa matunda ya mkuyu, wakawa marafiki. Papa akamwalika kwake, akamchukua mgongoni. Walipofika katikati ya bahari akamfunulia kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba wenziwe huacha mioyo yao mitini. Papa akamrudisha pwani, naye akapanda mtini asishuke tena.

Uzuri wa kisa hiki umo katika mahali siri inapofunuliwa. Kama papa angaliisema pwani, kima asingalikwenda. Kama angalinyamaza mpaka wafike, kusingalikuwa na njia ya kurudi. Mtoto aliyeona hilo amekifahamu kisa, hata kama hajui bado kulitaja funzo lake.

Je, alioneje? Kwanza, mwalimu achore ubaoni picha nne zisizo na mpangilio, watoto wazipange, na kila waunganishapo mbili waseme "kwa hiyo". Pili, watoke uani, wapige mstari chini uwe pwani, mmoja awe papa na mwingine kima. Mwalimu awasimamishe katikati ya "bahari" aulize: kima afanye nini sasa, na kwa nini? Tatu, wabadili mambo ya kisa. Papa awe mamba, na bahari iwe mto Ruhuji: kisa chasimama vilevile. Wala si ajabu, kwa kuwa katika Panchatantra ya Bara Hindi mnyama huyo ni mamba, naye alipofika pwani yetu akageuka papa. Lakini moyo ukigeuzwa kuwa mkia, kisa chavunjika papo hapo, maana mkia papa anauona. Hapo mtoto hujua mwenyewe kipi ni pambo na kipi ni nguzo.

Hata hivyo yatupasa kuwaonya wenye kupenda michezo kupita kiasi. Picha nzuri ya kima iliyobandikwa ukutani haithibitishi lolote. Mchezo usiopima kiungo cha kisa ni burudani tu, nao hauna faida kuliko lile swali la funzo.

Wengine watasema kwamba darasa ni kubwa na karatasi hakuna. Lakini ardhi ya uani ipo, na magunzi ya mahindi yatosha kuwa kima na papa. Na mtoto akikwama katika Kiswahili, aigize kwanza kwa Kibena, kisha asimulie kwa Kiswahili; maana anayekosa neno si lazima awe amekosa fahamu, na mwalimu asiyetenganisha mambo hayo mawili humhesabu mwerevu kuwa mjinga.

Hasara ya kulipuuza jambo hili si ndogo. Mtoto asiyezoea kuuliza "kwa nini" husoma herufi wala hasomi habari, na akifika madarasa ya juu hukariri. Wachungaji nao wataliona kanisani, kwa kuwa mifano ya Injili ilisimuliwa kwanza kama visa. Anayeliwahi funzo la Mwana Mpotevu bila kupita katika njaa ile na maganda yale ya nguruwe, hatajua ni kitu gani kilichomwinua kijana yule arudi kwa babaye.