Kengele ya Kocha Robinson

Asubuhi na mapema, Eddie Robinson alipita kwenye mabweni ya Grambling, chuo cha watu weusi huko Louisiana, akipiga kengele. Hakuwa akiwaita wachezaji wake mazoezini. Alikuwa akiwaamsha waende darasani. Pongezi zangu zinaanzia hapo, kabla hata ya kutaja makombe.

Alianza kufundisha mpira wa Kimarekani chuoni hapo mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 22, na hakuhama hadi alipostaafu mwaka 1997. Mwanzoni kazi zote zilikuwa zake: kufyeka nyasi za uwanja, kuwafunga wachezaji bandeji, hata kuandika habari za mechi na kuzipeleka magazetini. Kwa kuwa mikahawa mingi ya Kusini mwa Marekani haikuwahudumia watu weusi, timu ilisafiri na mikate iliyotiwa nyama, na kocha mwenyewe alisaidia kuiandaa. Siku ya pili vijana hao hao walitakiwa washinde, nao walishinda.

Mwaka 1949 mchezaji wake Paul "Tank" Younger alijiunga na Los Angeles Rams, akawa wa kwanza kutoka vyuo vya watu weusi kuingia ligi kuu ya kulipwa. Wachezaji wengine wa Robinson zaidi ya 200 walimfuata katika mchezo wa kulipwa. Mmoja wao, Doug Williams, aliongoza timu ya Washington kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo kuu, Januari 1988.

Robinson alishinda mechi 408. Alifariki mwaka 2007, na kwa maoni yangu hakuna kocha wa chuo aliyemzidi.