Ua na Mtu: Kazi ya Mchoraji Joy Adamson

Sura ya mtu ni amana. Mchoraji huichukua kwa mwenyewe kwa saa chache, huiweka katika karatasi, kisha huipeleka mahali ambapo mwenyewe pengine hatafika maisha yake yote. Kwa sababu hiyo, picha ya mtu yastahili kuulizwa maswali mawili. La kwanza, je, imefanana naye? La pili, je, imemtendea haki? Watazamaji wengi huishia katika swali la kwanza. Katika insha hii nataka twende pamoja, msomaji, mpaka swali la pili. Tutachukua kwa mfano kazi ya mchoraji mmoja mgeni aliyezunguka sehemu nyingi za Kenya na brashi yake, na ambaye Wapokomo wa Mto Tana wamo miongoni mwa watu aliowachora. Jina lake ni Joy Adamson.

Huenda jina hilo umelisikia kwa habari ya simba. Kitabu chake juu ya Elsa, simba aliyelelewa na watu kisha akarudishwa porini, kilitoka mwaka 1960 na kikasomwa katika nchi nyingi za dunia. Sifa ya simba ilikua hata ikafunika sifa ya brashi. Lakini kabla Elsa hajazaliwa Joy alikuwa mchoraji kwa miaka mingi, na picha zake za watu huhesabiwa kwa mamia. Hizo ndizo tutakazozitazama.

Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa wakati huo katika milki ya Austria, na ambao leo huitwa Opava katika nchi ya Cheki. Wazazi wake walimwita Friederike Victoria Gessner. Alifika Kenya mwaka 1937, Ulaya ilipokuwa ikielekea vitani. Mume wake wa kwanza alikuwa Myahudi, na wote wawili walikuwa wakitafuta nchi ya usalama. Safarini, melini, alikutana na Peter Bally, Mswisi mwenye elimu ya mimea, ambaye baadaye aliolewa naye. Bally ndiye aliyempa jina la Joy, na ndiye aliyemtia moyo achore maua waliyoyakusanya nyikani na milimani. Mkono wake ukazoea kazi hiyo. Picha zake za mimea zikaingia vitabuni, na mwaka 1947 zikampatia nishani ya dhahabu ya chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza.

Mwishoni mwa mwaka 1942 alifika Garissa, mji ulio kando ya Mto Tana, akakutana huko na George Adamson, bwana nyama wa wilaya za kaskazini. Wakaoana mwaka 1944. Kwa safari za mumewe aliona watu wengi ambao wageni wa Nairobi hawakuwajua. Baada ya vita alikwenda London kujifunza katika shule ya uchoraji ya Slade. Aliporudi, mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimwajiri achore watu wa makabila ya Kenya katika mavazi na mapambo yao ya asili, kwa kuwa ilionekana kwamba mambo hayo yalikuwa yakitoweka upesi. Kazi ilichukua miaka kadhaa. Nyingi katika picha hizo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na mwaka 1967 alizitolea kitabu kikubwa juu ya watu wa Kenya. Aliuawa mwaka 1980 katika hifadhi ya Shaba.

Hayo ndiyo maisha yake kwa ufupi. Sasa tuzitazame picha zenyewe.

Sifa yake ya kwanza ni uaminifu wa jicho. Ushanga ukiwa wa rangi tatu, utaziona zote tatu kwa mpango wake. Ngozi iliyoshonwa huonyesha mshono. Hereni huning'inia kwa uzito wake, na alama za chale zimewekwa mahali pake. Hakupunguza kwa uvivu wala hakuongeza kwa majivuno. Watu wengi wa Ulaya walioichora Afrika kabla yake walichora vioja: macho makali, meno meupe, mikuki hewani. Yeye aliwaketisha watu, akawatazama kwa utulivu, nao wakamtazama. Wazee wake wana haya na heshima, na vijana wake wana fahari. Mtu wa leo akitaka kujua jinsi fulani alivyovaa siku ya jando, au mganga alivyojipamba kwa kazi yake, mara nyingine hana shahidi mwingine aliye bora kuliko mwanamke huyu. Deni hilo lazima likubaliwe kabla ya neno lolote la lawama. Asiyejua kushukuru hajui kuhukumu.

Lakini zitazame tena, msomaji, na safari hii usitazame mtu tu. Tazama penye miguu yake na nyuma ya mabega yake. Utaona nini? Mara nyingi utaona karatasi. Hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna njia, hakuna anga. Mtu amekaa au amesimama katika weupe mtupu, kama kwamba hakutoka popote na haendi popote.

Jambo hili halikutokea kwa bahati. Mchora maua hufanya hivi: huchuma ua, hulitoa udongoni, huliweka mbele yake peke yake, hulichora juu ya karatasi nyeupe ili kila ncha ya jani ionekane, kisha chini yake huandika jina la aina yake. Kwa ua ni njia njema, kwa sababu mtazamaji hataki kujua habari za ua lile moja. Ataka kujua aina yote. Joy Adamson aliwachora watu kwa mkono uliofundishwa na maua. Hapo ndipo penye nguvu ya kazi yake, na hapo hapo ndipo penye udhaifu wake. Mtu si ua. Ana mahali pake, ana jina lake, na ana jirani zake. Ukimwondolea hayo matatu, umebaki na vazi lenye uso.

Tuanze na mahali. Je, Mpokomo aweza kuelezwa bila mto? Tana huteremka kutoka nyanda za juu, hupita Garissa na Hola, hufika Garsen, kisha hujitawanya katika matawi na mabwawa kabla ya kuingia baharini. Ukifurika huacha tope jeusi, na katika tope hilo mkulima hupanda mpunga, mahindi na ndizi. Mara kadhaa mto umehama njia yake, na vijiji vimehama pamoja nao. Mikono ya mvuvi imetengenezwa na kafi la mtumbwi, na macho ya mkulima yametengenezwa na kungojea maji. Kumchora mtu huyo juu ya karatasi tupu ni kumchora mvuvi na kumwacha nje ya picha mwalimu wake.

La pili ni jina. Katika maelezo ya picha nyingi za mkusanyo huu utasoma jina la kabila, na cheo au rika: mzee wa mahali fulani, mganga, kijana wa jando, mwanamke aliyeolewa. Jina alilopewa na mama yake halitajwi mara nyingi. Fikiri kijana wa Garsen amepanda basi mpaka Nairobi, ameingia katika Makumbusho, amesimama mbele ya mzee wa kwao. Je, ni babu yake? Ni ndugu ya babu yake? Picha haimjibu. Yamwambia mzee alivaa nini. Haimwambii alikuwa nani. Mchoraji alimwona mtu huyo ana kwa ana, alisikia sauti yake, lakini aliyefika mbele yetu ni aina.

La tatu ni jirani, nalo ni kubwa kuliko yote. Katika mkusanyo huu kila mtu yuko peke yake, na kila kabila lina karatasi zake. Nenda sasa Garsen. Hapo barabara ya Malindi na Lamu hukutana na mto. Mworma huja na ng'ombe na maziwa. Mpokomo huja na ndizi, maembe na mahindi. Mgiriama, Mbajuni na Msomali wote wana shughuli zao pale. Lugha ya Mpokomo ni ndugu ya Kiswahili, ya Mworma ni ya ukoo mwingine kabisa, lakini katika bei huelewana. Wakati wa kiangazi wafugaji huteremsha mifugo mtoni kwa njia ziitwazo malka, zinazopita kati ya mashamba. Njia hizo zikiheshimiwa kuna amani. Zikizibwa, au mazao yakiliwa, kuna ugomvi. Kuanzia Agosti 2012 mpaka mwanzo wa 2013 ugomvi huo uligeuka umwagaji wa damu katika delta ya Tana, na zaidi ya watu 100 waliuawa, watoto na wanawake wakiwamo.

Sisemi kwamba picha zilileta vita hivyo. Hilo lingekuwa uzushi, na brashi haina mkuki. Nasema hivi: mtu aliyezoea kuwaona Mpokomo na Mworma kila mmoja katika karatasi yake ataamini kwa urahisi kwamba wameishi hivyo siku zote. Mtu aliyeona picha ya malka, ambamo ng'ombe wa mmoja wanapita kando ya mahindi ya mwingine, na wazee wa pande mbili wameketi chini ya mwembe kupatana, atajua kwamba ujirani ni jambo la kale na la kutunzwa. Picha hiyo ya pili haimo katika mkusanyo.

Yafaa pia tukumbuke nani alikuwa mlipaji. Serikali iliyotaka mapambo ya wazee yahifadhiwe ndiyo iliyotangaza hali ya hatari mwaka 1952, ikawafunga maelfu ya Wakenya makambini. Kambi moja ilikuwa Hola, kando ya mto huu huu. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa huko mpaka wakafa. Mchoraji hakuwa na mkono katika tendo hilo, wala si haki kumtwika. Lakini tazama ni Mwafrika yupi aliyependwa na serikali ile: yule aliyevaa shanga na kukaa kimya. Aliyevaa suruali na kudai ardhi hakuitiwa mchoraji.

Huenda utauliza: je, mgeni aweza kweli kuchora vinginevyo? Jibu liko Murang'a. Mwaka 1959 huo huo Elimo Njau, kijana aliyezaliwa Tanganyika chini ya Kilimanjaro na kusoma Makerere, alichora katika kanisa la ukumbusho la Murang'a picha kubwa za ukutani za maisha ya Kristo, tangu kuzaliwa mpaka msalabani. Naye alikuwa mgeni katika nchi ile. Mchaga hakuzaliwa na vilima vya Wakikuyu. Lakini alimchora Kristo mweusi, akamweka katika mashamba na vilima ambavyo waumini waliviona walipotoka mlangoni. Kwa hiyo ugeni peke yake si kosa. Wachoraji wawili walikuwa ugenini katika nchi moja, na katika muongo mmoja. Mmoja aliwaondoa watu mahali pao ili awaonyeshe vizuri, na mwingine aliwaacha mahali pao ili waonekane wazima. Katika ustadi wa kuchora ushanga, Njau hamfikii Adamson. Katika kujua kwamba mtu ana nchi chini ya miguu yake, Adamson hamfikii Njau.

Basi hukumu yangu ni hii. Kazi ya Joy Adamson ni hazina ya mavazi na ni nusu ya picha za watu. Tusiitupe kwa sababu ni nusu, wala tusiite nusu kuwa nzima. Mwenye nusu ya kitu hatafuti wa kumlaumu. Hutafuta nusu ya pili.

Nusu ya pili, msomaji, haiko Nairobi wala London. Iko katika vinywa vya wazee waishio kando ya mto, na kila mwaka vinywa hivyo hupungua. Kama wewe ni wa Garsen, Ngao, Hola au kijiji chochote cha Tana, tafuta nakala ya picha hizo, umpelekee bibi yako au babu yako. Muulize: Huyu ni nani? Alikaa ukingo upi? Shamba lake lilipakana na la nani? Jirani yake Mworma aliitwaje? Andika majibu kwa wino nyuma ya nakala. Na ukiwa na mkono wa kuchora, anza hapo alipoachia yeye: chora mto kwanza, kisha chora watu wawili.