Jembe la Nyanya: Kuisoma The Letter Tukiwa Gusii

The Letter, filamu ya hali halisi ya Maia Lekow na Christopher King iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2019, inasimulia habari za Pwani ya Kenya. Karisa, kijana aliyezoea maisha ya mjini, anapata habari kwamba nyanya yake ameitwa mchawi kwenye Facebook, naye anarudi kijijini kuchunguza shutuma hiyo imetoka wapi. Wahusika wanazungumza Kigiriama na Kiswahili. Hata hivyo, sijaona filamu inayostahili kusomwa kwa makini zaidi huku Gusii, ambako Mei 2008 wazee 11 walichomwa moto wakidaiwa kuwa wachawi, na ambako Oktoba 2021 akina mama wanne wakongwe waliuawa kule Marani kwa madai yayo hayo.

Vifo hivyo sisi tumevijua kupitia taarifa ya habari na vipande vya video vinavyozunguka kwenye simu, na vipande hivyo vina sarufi yake: umati, moshi, mwili. Ajuza huingia katika hadithi siku anapokufa, hana kazi, hana sauti, wala hana jana. The Letter inaipindua sarufi hiyo kwa mbinu iliyo nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza, nayo ni kumtazama mtu kwa muda mrefu. Nyanya analima. Mgongo umepinda, jembe linapanda na kushuka, na kamera inatulia naye pasipo haraka ya kufika kwenye tukio. Mbinu hii naiita usubirishaji: mtazamaji anazuiwa kuhukumu mpaka awe ameishi kidogo na anayehukumiwa, na kwa kuwa mikono anayoitazama ndiyo iliyoulisha ukoo, shutuma inaanza kupwaya kabla hata hajaijibu mtu.

Nafasi ya Karisa katika masimulizi nayo imepangwa kwa ustadi. Filamu inavaa umbo la hadithi ya upelelezi, lakini mpelelezi huyu ni mjukuu, na washukiwa ni wakubwa wake ambao adabu haimruhusu kuwahoji. Inambidi asalimie, akae, aulize kwa kuzunguka, apime neno kabla ya kulitamka. Upendo wake kwa nyanya hauonekani katika matamko. Unaonekana katika namna anavyouliza. Hapo ndipo filamu inapotufundisha jambo zito kuhusu kiwewe: jeraha la shutuma haliishi moyoni mwa mshutumiwa peke yake, linaenea katika mji mzima, kwa anayeogopa kurogwa na kwa anayeogopa kuonekana akimtetea mchawi. Kesho yake hao wote watakutana msibani.

Ardhi imeshikwa ndani ya taswira ile ile ya jembe, kwa sababu shamba analolilima nyanya ndilo linalotamaniwa. Msomaji wa Kisii hahitaji kuelezwa zaidi: sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu 957 katika kila kilomita moja ya mraba ya kaunti hiyo, na mzee anayekawia kugawa shamba anajua anavyotazamwa. Hofu yangu ni kwamba mtazamaji wa haraka ataondoka na jibu hilo moja la tamaa. Wapo wanaomshutumu magokoro wao, yaani nyanya yao, huku wakiamini kwa dhati, wamezika mtoto na hawajapata wa kuwaeleza kilichomuua, na majonzi yasiyo na maelezo hutafuta mwenye kubebeshwa lawama. Watu hao hawatatulizwa kwa kuitwa walafi.

Matumaini katika kazi hii hayaletwi na mwisho mwema uliobandikwa. Yamo katika ukaidi wa ajuza anayeendelea kupanda huku akitishiwa, na katika uamuzi wa watengenezaji kumpa muda wa skrini ambao taarifa za habari hazijawahi kumpa mwenzake yeyote wa Marani. Ningependa filamu hii itiwe sauti ya Ekegusii na ionyeshwe katika kumbi za makanisa na shule za Kisii na Nyamira, wazee wakiwa wamekaa mbele, kisha vijana waulizwe walichokiona.